Mwalimu wa Kwaya na Tela Lililokata Kiuno

Jirani yangu, mwalimu wa kwaya, aliamini kwamba kila kitu duniani kina sauti nne. Ndoo zake za maji zilipangwa uani kwa sauti, ndogo mbele na kubwa nyuma. Kuku aliwagawa vilevile, na jogoo wake mmoja mwenye sauti nyembamba alikwenda jikoni mapema kwa kosa la kuwa besi asiyeshuka. Hata msibani, wengine tukiwa tunafuta machozi, yeye alinivuta shati na kuninong'oneza kwamba shangazi wa marehemu ni alto mzuri sana, tatizo hana mazoezi.

Nilikaa naye ukuta kwa ukuta pale Pasiansi, Mwanza, miaka mingi, kabla sijahamishia maisha yangu Misungwi. Mimi ni Mwislamu na muuza magodoro, na sijawahi kuimba popote zaidi ya bafuni. Lakini kwaya ilifanya mazoezi uani kwake, na ukuta wetu ulikuwa mfupi. Nyimbo za Krismasi nilikuwa nazijua zote kuanzia mwezi wa tisa, mpaka mke wangu akaanza kunitazama kwa wasiwasi. Siku moja besi wao mmoja alisahau mahali pa kuingia, nikajikuta nimeingia mimi kutoka upande wangu wa ukuta, kikombe cha uji mkononi. Mwalimu akanyamazisha kwaya nzima.

"Jirani," alisema, "umeingia sawa, ila umeanza chini kidogo."

Alikuwa na kanuni moja aliyoipenda kuliko kanuni zote: mwepesi mbele, mzito nyuma. Soprano wakae mbele kwa sababu wao ndio wanaokaribisha wageni. Besi wakae nyuma kabisa, ukutani, kwa sababu besi ni nguzo, na nguzo haikai sebuleni. Kanuni hiyo aliitumia kanisani, akaitumia stoo, akaitumia hata mezani, ambapo mboga ilikaa mbele ya ugali na ole wako uigeuze sahani. Naieleza mapema kwa sababu ndiyo iliyotaka kutuua njiani Magu, siku tulipolivuta tela lake.

Tela lenyewe lilikuwa kijumba cheupe cha kuvutwa na gari, chenye kitanda, meza ya kukunja, jiko dogo la gesi na dirisha la nyuma lenye pazia la maua. Wazungu wawili, mtu na mkewe, walikuwa wakizunguka nalo Afrika. Walipofika Mwanza wakagombana, mmoja akapanda ndege, mwingine akauza kila kitu mpaka vijiko, na Mwalimu akawa mnunuzi. Watoto wa mtaa waliona lile umbo lake la kona za mviringo wakaliita Friji. Mwalimu hakupenda jina hilo hata kidogo. Yeye aliliita Makazi, tena kwa sauti ya kutangaza.

Watu walisema kustaafu kumemchanganya. Mimi nilijua sababu, na sababu ilikuwa mama mkwe.

Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, alitoka kijiji kimoja cha kando ya ziwa, mbele ya Bunda. Kwa desturi ya kwao mwanamume halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hapiti karibu na mlango wa chumba chake, na wakikutana njiani yeye anaingia shambani mpaka mama mkwe apite. Kijijini hapakuwa na nyumba ya wageni. Kwa hiyo ziara zote za Mwalimu ukweni zilikuwa za namna moja: anamshusha mkewe, anakunywa chai nje ya ua huku ameelekea ziwani, kisha anarudi peke yake kulala Bunda. Na mama mkwe, kwa upande wake, hakuwahi kukanyaga Mwanza tangu binti yake aolewe.

"Mimi ameniweka kundi la wasiofaa," Mwalimu aliniambia siku moja, na hakuwa anatania. "Binti yake nimemwoa vizuri, ng'ombe nimepeleka, kwaya nzima imeimba. Lakini kwangu hakanyagi."

Sasa bibi yule alikuwa amezeeka na miguu inamsumbua, na Mama alitaka kwenda kukaa naye. Si kumtembelea, kukaa naye. Mwalimu bila Mama hakuwa mtu wa kuachwa. Mama akisafiri kidogo tu, mimi nilikuwa namwona uani amevaa fulana nje ndani, anakula mkate mkavu akiwa amesimama, anaongea na ndoo. Ndipo alipoliona tela la wale Wazungu na kupata wazo ambalo mpaka leo naliheshimu. Alikuwa anataka kulivuta mpaka ukweni, aliegeshe uani kwa mama mkwe, alale humo na mkewe.

"Uwanja wake, paa langu," alisema, akanitazama kama mwanasheria aliyeshinda kesi. "Hapo desturi inasemaje?"

Hakuna aliyejua desturi inasemaje, maana wazee walioitunga hawakuwahi kuliona Friji.

Safari ya kwanza tulikuwa watatu. Mwalimu usukani, Mama pembeni yake, mimi kiti cha nyuma cha pikapu, nimepewa kazi ya kutazama mkia. Tela alilipakia mwenyewe kwa kanuni. Mito, chandarua na nguo akaviweka mbele. Gunia la mchele, pipa la maji, mtungi wa gesi, betri na tairi la akiba akavipanga nyuma kabisa chini ya lile dirisha la pazia. "Besi ukutani," alisema, akafunga mlango.

Hapa niseme jambo kuhusu yeye ambalo sijawahi kulielewa. Kwenye kwaya alikuwa mtu wa subira kuliko wote niliowajua. Angeweza kurudia mstari mmoja jioni nzima bila kupandisha sauti. Lakini akikaa kwenye gari anakuwa mtu mwingine. Alisafiri kama anafuatwa na polisi, alipiga honi hadi kwa mbuzi waliokwisha kupita, na kila gari lililokuwa mbele yake alilichukulia kama dharau.

Kabla ya Magu tela lilianza kucheza. Kwanza kidogo, kushoto, kulia, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Nikasema, "Mwalimu, mkia." Akasema ni lami. Tukaanza kuteremka mteremko, basi likatupita kwa kasi, upepo wake ukalipiga tela ubavuni, na sasa hakukuwa na kidogo tena. Lilikwenda huku likaivuta pikapu, likarudi kule likaivuta tena, kila mara zaidi ya mara iliyopita. Nikapiga kelele. Mwalimu akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, akakata usukani, na hapo nikajifunza kwamba tela linaweza kutaka kulipita gari linalolivuta. Nilikuwa nalitazama kupitia kioo cha pembeni.

Tulisimama katikati ya shamba la pamba. Hakuna aliyeumia. Mchele ulikuwa umemwagika tela zima, na mtungi wa gesi ulikuwa umelala juu ya kitanda kama mgonjwa. Mama alishuka, akafunga khanga vizuri, akachukua mkoba wake.

"Mwalimu," alisema, "mimi nakwenda kwa mama na basi. Wewe lirudishe Friji nyumbani."

Akapanda kwenda barabarani bila kugeuka. Mwalimu alibaki amesimama kwenye pamba. Nadhani kilichomuuma zaidi ni kwamba hata mkewe alikuwa ameliita Friji.

Aliporudi, Mama alitoa masharti, tena alitoa akiwa ukutani ili mimi niwe shahidi. Baada ya Pasaka angekwenda kukaa na mama yake, bila tarehe ya kurudi. Mwalimu akiweza kulifanya tela litulie, angepanda naye, waende wote. Likiendelea kucheza, yeye na basi, Mwalimu abaki na kwaya yake. Alisema hayo kwa upole kabisa, na Mama alikuwa mtu ambaye akisema kwa upole huna la kufanya.

Basi Mwalimu akaanza kutafuta dawa. Hapo ndipo nilipoona jinsi mji wetu ulivyo na wataalamu. Mmoja alisema tatizo ni upepo wa matairi, akaujaza mpaka matairi yakawa yanalia. Mwingine alisema ni husuda, atafute kitambaa chekundu. Mzee mmoja wa kanisa alisema tela limezoea kuendeshwa kushoto kwa Wazungu, na alipoambiwa kwamba na sisi tunaendesha kushoto, alisema basi ndiyo hiyo hiyo. Mwalimu mwenyewe aliamini tela limekosa mapigo. Tukatoka naye barabara ya uwanja wa ndege, mimi nimetoa kichwa dirishani, nalipigia makofi ili lishike mwendo. Liliyashika makofi vizuri sana. Vijana wa bodaboda waliokuwa kijiweni wakaanza kucheza nalo.

Halafu akapata wazo jingine. "Kitu kinachocheza ni kitu chepesi," alisema. Akanunua mifuko ya mchanga, akaipanga yote nyuma kabisa, juu ya mizigo mingine, ili kuukandamiza mkia. Siku hiyo hatukufika hata njia panda. Tulirudi kwa mwendo wa maiti, na jasho lilikuwa limemlowesha mpaka tai. Ndiyo, aliendesha akiwa amevaa tai. Alisema mtu akivaa tai hata ajali inamheshimu.

Mwaliko wa Sengerema ndio uliotuokoa, ingawa mwanzo wake ulikuwa aibu tupu. Kwaya ilialikwa kuimba huko, ikakodi basi dogo, na Mwalimu akasema vyombo vitapanda Makazi. Mama akapanda basi na alto wenzake. Mimi nilikuwa na magodoro ya kupeleka kwa mteja, nikapanda pikapu. Kwenye kivuko cha kwenda Kamanga tukaambiwa tuingie kwa kurudi nyuma, na hapo ikajulikana mbele ya abiria wote kwamba Mwalimu hajui kurudisha tela nyuma. Yeye siku zote alikwenda tu mahali ambapo angeweza kuzunguka.

"Kata kulia!" walimpigia kelele wafanyakazi wa kivuko. "Kulia! Sasa kushoto! Mzee, kushoto kwako mwenyewe!"

Kila alipokata, tela lilikwenda upande lilioutaka lenyewe. Lilikaribia kuingia ziwani, likakaribia kuingia kwenye kibanda cha mama ntilie, mwisho likakaa mshazari na kuziba njia ya watu na ng'ombe. Mwishowe tulilifungua kwenye gari, wanakwaya wakashuka, wakalisukuma kwa mikono mpaka ndani ya kivuko huku wakiimba. Mwalimu alisimama juu ya ngazi akiwaongoza. Aibu ilimtoka palepale alipoona teno wamechelewa kuingia.

Kutoka Kamanga kwenda Sengerema tela lilikata kiuno njia nzima. Spika kubwa, ngoma na jenereta vilikuwa nyuma, chini ya dirisha, kwa kanuni. Wakati wa kurudi mvua kubwa ilianza tukiwa bado tunapakia, na dirisha la nyuma likawa linavuja. Mwalimu angeweza kuhatarisha roho zetu, lakini si spika. Tukavihamisha vyombo vyote mbele, karibu na mlango, mbele kidogo ya magurudumu, tukavifunga kwa kamba za magodoro yangu. Nyuma yakabaki majoho ya kwaya ndani ya mifuko ya plastiki.

Tela halikucheza. Nilikaa nimegeuka nyuma muda wote, shingo inauma, nikisubiri lianze, na halikuanza. Lilitufuata mpaka Kamanga kwa adabu.

"Ule wimbo wa mwisho," Mwalimu alisema kwa kuridhika. "Umelituliza."

Siku ya pili Mama alikuja ukutani. "Jirani, wakati wa kurudi mlipakiaje?"

Nikamweleza. Mwalimu alikuwa anawapa kuku maji, akasikia, akasimama.

"Besi hakai mbele," alisema.

"Hilo ni tela, Mwalimu," Mama akasema.

"Ni kanuni."

"Mimi nilikuwa kwenye basi nyuma yenu. Wakati wa kwenda lilikuwa linakata kiuno mpaka soprano wakaona haya. Wakati wa kurudi limetulia kama limeokoka. Kilichobadilika ni nini?"

"Wimbo."

Mama akaingia ndani.

Sikuwahi kumwona mtu akiumia vile kwa ajili ya spika na jenereta. Mwalimu alizunguka uani siku ile yote. Alikaribia tela, akalifungua, akalifunga. Mtu aliyewasimamisha besi ukutani maisha yake yote, leo aambiwe awalete sebuleni! Nilimhurumia na nilitaka kucheka, na nilifanya yote mawili nikiwa nimeinama nyuma ya ukuta. Kilichomshinda mwisho ni kitu kidogo. Alimwona Mama anakunja nguo zake za safari, anazipanga kwenye begi moja. Begi moja, la mtu mmoja.

Akaja kwangu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kutoa taarifa ya msiba. "Jirani," alisema, "njoo tuwahamishe besi."

Bila shaka alizidisha. Alikuwa mtu wa kuzidisha. Mifuko ya mchanga, pipa, mtungi, betri, vyote akavirundika kwenye pua kabisa ya tela, pale linapoungana na gari. Pikapu ikakaa chini nyuma na kuinua uso juu, na tulipowasha taa kujaribu tukawa tunamulika ndege. Usukani ukawa mwepesi kiasi kwamba hata yeye aliogopa. Ndipo Mama alipokuja, amejifunga kitenge kiunoni, akatuamuru tutoe, tuweke tena, tutoe, mpaka vile vizito vikakaa sakafuni, mbele kidogo tu ya magurudumu, na pua ya tela ikawa inalilalia gari kidogo bila kulikandamiza.

"Na likianza kucheza hata hivyo?" Mwalimu aliuliza. "Maana breki ndiyo ilitupeleka kwenye pamba."

"Kwaya ikianza kukimbia, huwa unafanya nini? Unawapigia kelele?"

"Aa, ukipiga kelele wanavurugika zaidi."

"Sasa?"

"Nateremsha mikono. Taratibu. Wanashuka wenyewe."

"Basi teremsha mguu," Mama akasema. "Achia mafuta, shika usukani ulivyonyooka, usigombane nalo. Na usikimbie tangu mwanzo, kwani unafuatwa na nani?"

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Ni mara pekee nilipomwona ameongozwa na mtu mwingine akafuata.

Tulikwenda kulijaribu mpaka Misungwi na kurudi, Mama amekaa mbele. Njiani askari wa barabarani alitusimamisha. Alilizunguka tela mara kadhaa, akachungulia dirishani, akaona kitanda.

"Mzee, hii ni nyumba au ni gari?"

"Ikisimama ni nyumba," Mwalimu akasema. "Ikitembea ni tela."

"Na sasa hivi imesimama."

"Sasa hivi imesimamishwa. Hilo ni jambo jingine."

Askari akaona siku ni ndefu, akatuambia twende. Na tukaenda, kwenda na kurudi, malori yakitupita na upepo wao. Kila tela lilipojitikisa nilimwona Mwalimu anainua mguu polepole, vidole vyake vikiwa vimetulia kwenye usukani, na nyuma yetu mambo yanatulia. Tulipofika nyumbani Mama alilitoa lile begi moja uani, akaenda kuleta la pili.

Lazima niseme ushindi huo ulimharibu kwa muda. Jumapili iliyofuata aliwahamishia besi mstari wa mbele kanisani, kwa nadharia kwamba kama kanuni imebadilika, basi imebadilika kote. Besi wale walikuwa wanaume wanne wakubwa kama milango. Soprano hawakuonekana tena, ila kofia moja tu. Watoto wachanga waliokuwa mbele walipopigwa na sauti ya kwanza ya besi walilia kwa pamoja, mchungaji akapoteza ukurasa, na nasikia mama mmoja alitoka nje akidhani ni tetemeko. Wiki iliyofuata besi walirudi ukutani. Mwalimu alinieleza kwa unyonge kwamba kwaya haina magurudumu.

Baada ya Pasaka waliondoka. Mama alikaa pembeni yake, tela nyuma yao limetulia, na mtaa mzima ulitoka kulipungia Friji. Mimi nami mwaka ule nikahamia Misungwi. Niliposikia kimya sana jioni nilijua ni mazoezi ya kwaya ndiyo ninayoyakosa, na sikumwambia mtu.

Kisha Mwalimu akanitumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Alikuwa ananong'ona. Alitaka godoro, jembamba, la mtu mmoja, tena nilipeleke mwenyewe.

Nilipofika kijijini nilimkuta nje ya ua wa mama mkwe, anakunja turubai nyuma ya pikapu. Ndevu zilikuwa zimeota na tai ilikuwapo. Uani nililiona tela, limeoshwa linang'aa, pazia la maua limefungwa vizuri.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, jirani. Godoro liko wapi?"

"Hili hapa. Kwani lile nililowawekea mwanzo limechakaa?"

"Halijachakaa." Akatazama upande wa tela, akashusha sauti. "Lina mwenyewe."

Ikawa hivi. Walipofika, mama mkwe aliomba aonyeshwe nyumba ya binti yake. Mwalimu akaondoka kama desturi inavyotaka. Bibi akapanda kile kingazi, akakaa kitandani, akaligusa godoro, akaomba chai, akanywa, akalala. Alipoamka alisema miguu haijamuuma hata kidogo, akaomba aletewe nguo zake. Tangu hapo ndimo anamolala, na binti yake. Na kwa kuwa yumo yeye, Mwalimu analala kwenye pikapu na haruhusiwi hata kusogelea mlango. Mswaki wake ulikuwa unatolewa dirishani.

"Nimenunua paa ili nisilale chini ya paa lake," alisema, "sasa paa langu limekuwa lake." Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu sikuwa na hakika tena.

Hapo mlango wa tela ukafunguka. Mwalimu akageuka haraka kuelekea ziwani na kunyooka kama askari. Mama alitoka kwanza, akamshika mkono bibi mfupi aliyenyooka vizuri kuliko nilivyotarajia. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa magodoro? Mungu akubariki." Kisha akainua kidevu kuelekea mgongo wa Mwalimu. "Muurize huyo anayetazama ziwa. Nyumba hii inafika Mwanza?"

Nikamgeukia Mwalimu, ambaye alikuwa hatua chache tu kutoka pale na amesikia kila kitu. "Anauliza inafika Mwanza?"

"Mwambie inafika," Mwalimu akasema kwa ziwa.

"Mimi miaka yote natamani kuiona Mwanza," bibi akaendelea. "Nilitaka nimuone mwanangu kwake, nimsikie mkwe wangu akiimbisha watu. Ningerara wapi? Ndani ya nyumba ya mkwe? Si aibu hiyo! Lakini hii si nyumba ya mkwe. Hii ni ya Wazungu, yeye anaivuta tu."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta wa tela. Mwalimu hakucheka. Aliendelea kutazama ziwa, na niliposogea karibu yake niliona macho yamejaa.

"Miaka yote nimesema ananidharau," aliniambia chini chini. "Kumbe na yeye alikuwa amegeukia upande wa pili, kama mimi."

Mambo yakapangwa upesi. Mchungaji alikubali kwa simu tela likaegeshwe uwanja wa kanisa, ili lisiwe kwa mkwe wala kwa mtu. Bibi alitaka asafiri akiwa amelala humo ndani, anapunga mkono dirishani, na ilibidi Mama amweleze mara nyingi kwamba tela si mahali pa kukaa binadamu likiwa njiani. Na kwenye pikapu kukaa na mkwe haikuwezekana. Hivyo bibi na Mama wakapanda basi, na Mwalimu na mimi tukatangulia na tela, vizito sakafuni mbele ya magurudumu, nguo za bibi nyuma.

Tulikuwa tumeshaipita Lamadi, pale palipo wazi na upepo unatoka ziwani, nilipoliona basi linakuja nyuma yetu. Lilipiga honi, likatoka kutupita. Upepo wake ukatufikia, tela likajitikisa kulia, likajitikisa kushoto. Mwalimu aliinua mguu. Hakushika breki, hakugombana nalo, alishusha pumzi tu kama anayewashusha waimbaji wake, na tela likanyooka.

Kwenye dirisha la mwisho la basi ulitoka mkono mwembamba wa mzee, unapunga kwa nguvu, na nyuma ya mkono kulikuwa na uso. Mwalimu hakupaswa kuutazama. Aliutazama.

"Anampungia nani?" aliniuliza. "Mimi au tela?"

Sikupenda kumdanganya. "Nadhani tela, Mwalimu."

Basi lilikuwa linaanza kutuacha.

"Tela ni langu," alisema, akatoa mkono mmoja kwenye usukani, akampungia.